Malaika wa Bwana Kwenye Reli

Romana, upo? Nimenusurika kugongwa na treni sasa hivi. Sijaumia, ila naona aibu hata kuandika.

Nilikuwa naenda darasa la jioni, nimepita relini kama tunavyopita sote njia ikiwa tope. Kengele ya kanisa ikalia, saa kumi na mbili. Nikasimama palepale juu ya mataruma, nikafumba macho, nikaanza sala ya Malaika wa Bwana.

Honi niliisikia, Romana. Niliisikia. Nikasema moyoni, ngoja nimalize Salamu Maria hii, nisiikatishe.

Treni ilisimama karibu hadi joto la injini likanifika usoni. Dereva akashuka. Nikangoja matusi. Hakutukana. Aliketi kwenye kokoto.

Nikamwambia, "Baba, tumshukuru Mungu, ameniokoa."

Akasema, "Wewe mama umeokolewa. Mwaka jana mzee mmoja alisimama hivyohivyo, breki hazikuwahi. Mpaka leo nikilala namwona. Sasa nitawaona wawili."

Halafu akasema taratibu, "Niombee basi, maana bado natakiwa kuifikisha Tabora."

Nikafungua mdomo. Mimi, ninayeongoza rozari jumuiya nzima. Halikutoka neno hata moja. Alisubiri, akajifuta uso, akapanda mwenyewe.

Darasani sikwenda. Kesho jumuiyani mtafuteni mwingine aongoze. Na kama unaweza kusali sasa hivi, muombee yeye, bado yuko njiani. Hata jina sikumuuliza.