Ndoo Iliyo Mlangoni mwa Gari

Harm,

Samaki walio kwenye ndoo hapo mlangoni ni wetu. Wapare magamba, uwatie chumvi, na ukimaliza kupika ufunge gesi. Ila usiende ufukweni kuwalipa wavuvi, utaniaibisha. Hawa hatukuuziwa. Ni fungu langu.

Ndiyo, langu! Asubuhi wewe ukikoroma humu kwenye gari tunamoishi, nikasikia wanawake wa kijiji wakiitana kwenda kuvuta wavu. Jana ulisema wazee wa Kiholanzi kama sisi, tuliokuja Ureno kukimbia theluji, tutawasumbua watu tu. Nikaenda, nikashika kamba. Viganja vimechubuka, lakini sikuiachia. Wakati wa kugawa nikatoa pochi, Deolinda mwenye wavu akanipiga mkono: “Rudisha huko! Umevuta, unalipia nini?”

~~Nibakizie wawili.~~ Nibakizie wanne, nimewatolea jasho.

Nimerudi kuwasaidia kusafisha wavu. Mwaka jana hapa nilikuwa “mke wa yule mzee wa gari jeupe.” Leo mvuvi mmoja amekuona dirishani umelala, akauliza wewe ni nani. Deolinda akamjibu, “Humjui? Mume wa Wiebke, yule wa kamba.”

Mkeo