Tableau ya tonton Nephtali imerudi

Bijou, uko wapi? Jibu basi! Niko hapa kwa chutes, pale mayi inaanguka kwa mawe.

Unakumbuka Exaucé, ule artiste ya Muanda, kule kwa bahari, njo mimi nilimuleta achore wavuvi ya kwetu? Asubuyi amemaliza tableau, picha ya tonton Nephtali, muvuvi muzee ya familia yetu. Tonton mwenyewe kabisa, rangi ya uso ingali mubichi. Bon, akaibeba mpaka kwa mayi, AKAITUPA. Mbele ya familia yote!

Mutu iko hai, Bijou, na picha yake unatupa kwa mayi, sawa vile unamuzika!

Nikalalamika: "Unafanya nini?" Yeye anacheka. "Kwetu pembeni ya bahari, kila tableau naitupaka kwanza. Wimbi ikiirudisha kwa muchanga, najua kazi imekubaliwa. Bahari njo ilinifundisha kuchora."

Nikamuambia hapa ni fleuve, muto mukubwa, kitu yenye inabeba hairudishake. Eti: "Ngoja."

Tonton hakukasirika, na hiyo njo iliniogopesha. Alisema tu: "Bon, tungoje."

Bijou, IMERUDI. Sasa hivi, wakati wavuvi wanainua bitunga ya kutega samaki. Imekwama ndani ya kitunga moja. Shati iko, mikono iko, uso umefutika wote.

Exaucé anaruka na furaha: "Munaona! Hata huku mayi inarudisha!"

Tonton akauliza pole pole: "Kitunga ya nani?"

 Ni yake tonton, Bijou. Ni kitunga yake.

Na sasa anavua shati, anasema ile kitunga ataishusha tena kwa mayi yeye mwenyewe.