Kikombe cha Luka

Jumatatu, 1 Desemba
Uji umeungua tena. Miaka kumi na tisa London, mtu wa Machakos, na bado naunguza uji. Vijana wanaunywa tu. Wako kumi na mmoja, wote ni wafanyakazi wa kilima cha theluji ya mashine, cha watu kuteleza, ndani ya jengo la jirani. Wanalala nyumba hii, na asubuhi wananuka kama kiwanda cha bia. Mimi ndiye mpishi. Pia naweka alama daftarini kwamba wote wameamka salama. Nahesabu vikombe vichafu vya uji kwenye sinki. Vikifika kumi na kimoja, alama. Nipande ngazi kuwachungulia? Na magoti haya?

Jumatano, 3 Desemba
Mueni, binti wa dada yangu, mmoja wa hao kumi na mmoja, ameanza kulewa. Kazi hii nilimtafutia mimi. Nilimwapia mamake kwamba nitamtazama. Macho yenyewe ya kutegemea miwani.

Wana desturi yao. Msimu uliopita mwenzao Luka alitoka amelewa, bila koti, akalala kwenye theluji. Hakuamka. Sasa kila wakinywa wanamjazia kikombe, wanakiweka mbele ya kiti chake. Mgeni hukaa kando ya kiti hicho na kunywa sawa na marehemu. Mgeni kazini msimu huu ni Mueni.

Asubuhi nakuta kikombe kitupu. Wote wanaapa hawakigusi.

Jumapili, 7 Desemba
Nyayo za maji jikoni. Miguu mitupu, mikubwa. Zinaelekea mlango wa kilimani. Hakuna zinazorudi. Nimepiga deki nikijiambia bomba linavuja. Bomba lenye vidole vitano.

Nilimwambia Mueni aache pombe. "Mjomba, wewe nawe! Mama alisema ukilewa ulikuwa unabebwa kwa toroli." Kweli kabisa. Nikafyata mkia. Halafu akasema, taratibu, "Nikinywa sawa naye, anacheka."

Mwoga mimi.

Jumatano, 10 Desemba
Leo nyayo ni za watu wawili. Kubwa, na ndogo kando yake. Za kwenda tu.

Kesho nampeleka Mueni kwangu Barking, apende asipende.

Alhamisi, 11 Desemba
Vikombe kumi na kimoja kwenye sinki. Nikaweka alama. Nikapanda kumwita Mueni. Kitanda kitupu. Wenzake hawajamwona tangu jana.

Nikashuka. Mbele ya kiti cha Luka hapakuwa na kikombe. Kilikuwa kwenye sinki, nimekihesabu kama cha Mueni. Ndani yake mabaki ya uji, bado ya moto.

Nilikimbia. Sikujua bado naweza.

Alikuwa chini ya kilima, midomo myeusi, anapumua. Amefunikwa koti la kazi la msimu uliopita. Makoti hayo yalitupwa yote.

"Alinishika mkono njia nzima, Mjomba."

Jumapili, 14 Desemba
Hospitali wamemruhusu. Yuko kwangu.

Nimempigia dada. Nimemwambia yote: pombe, theluji, alama niliyoweka bila kumwona mtoto. Sikujitetea. Akauliza jambo moja tu.

"Amekula?"

"Amekula."

"Basi usimwache."

Mueni amelala. Mkono wake wa kushoto uko nje ya blanketi, vidole vimekunjwa kama vimeshika vingine. Baridi. Nimejaribu kuurudisha ndani, umegoma.

Nimeshika wa kulia. Naandika kwa mkono mmoja. Siachii.