Nani Alikuwa Akilegeza Bawa Langu

Jumamosi, jua linashuka. Upepo umetulia, vumbi limekaa chini. Moyo wangu ndio haujakaa.

Mwanangu Sifa ametoka sasa hivi kufanya maajabu yake. Amelikuta bawa limelala uani halina upepo, akapiga magoti, akaweka mdomo pale pa kujazia, akapuliza mpaka mashavu yakawa kama maandazi mawili. Akainuka kuangalia kama limesimama. Halijasimama. Akalichapa kofi moja, akaliambia "lala", akaenda zake jikoni kwa bibi yake kama mtu aliyemaliza kazi. Ana mwaka mmoja na miezi minane huyu. Sijui kisirani kile amekitoa kwangu au kwa baba yake.

Nimecheka peke yangu hapa kwenye kibaraza. Halafu kicheko kikaisha, nikakumbuka nasubiri nini.

Kwa ambao hamjawahi kupita hapa kwenye ukurasa wangu, nieleze kidogo. Kuna dada anaitwa Zuwena, mtu wa pwani, kazi yake ni kufundisha watu mchezo wa bawa. Unasimama juu ya ubao, chini ya ubao kuna mguu mrefu wa chuma wenye pezi, na mikononi umeshika bawa la kitambaa lililojazwa upepo kwa pampu. Bawa halifungwi popote, wewe ndiye mlingoti wake. Ukipata mwendo, lile pezi linauinua ubao wote juu ya maji, unabaki unateleza hewani. Nilipomwona dada Zuwena anapita hivyo juu ya ziwa letu mara ya kwanza, heroe, wale ndege wa waridi, wote waliruka na mimi nikasahau ndoo.

Amepanga chumba kwetu hapa Mandewa, wiki ya pili sasa. Alikuja kutazama kama Singida panafaa, maana upepo wa huku kila mtu anaujua. Akasema panafaa. Anatafuta mtu mmoja wa hapa hapa, wa kuachiwa vifaa, ili msimu wa upepo akileta wanafunzi wamkute mwenyeji anayejua kazi. Mimi nimekulia kando ya ziwa, kuogelea sikufundishwa na mtu, nilijikuta tu najua. Akaniambia nijaribu. Akanipa masharti: kabla hajaondoka anione nimeinuka juu ya maji kwa akili yangu mwenyewe, si kwa kusukumwa.

Anaondoka kesho alfajiri na basi.

Niseme ukweli wangu. Niliishia kidato cha pili. Nimewahi kuuza mboga, nimewahi kufua nguo za watu, sijawahi kuitwa mwalimu wa kitu chochote. Nilipomsikia anasema neno hilo, nilienda kulala nalo. Nililiweka kifuani kama ninavyomweka Sifa akiwa na homa, sitaki hata kugeuka.

Basi siku nne nikawa naanguka.

Si kuanguka kwa kujifunza, huko nakujua. Huku kulikuwa kwa ajabu. Nasimama vizuri, nashika bawa vizuri, mkono wa mbele unaongoza, mkono wa nyuma unavuta kidogo kama mtu anayerudisha mlango. Upepo unakuja, nausikia masikioni unavuma kweli. Bawa badala ya kunivuta linajikunja katikati kama mtu mwenye njaa. Mikono inachoka, ubao unakokota, chubwi. Jana dada Zuwena aliniambia kwa upole kwamba pengine mwili bado haujarudi tangu nijifungue, na si aibu. Nilimjibu sawa dada. Nilivyofika nyumbani nililia nikiwa nachambua mchele, na machozi nikayasingizia vumbi.

Mama mkwe alikuwa pembeni ananiangalia. Yeye tangu mwanzo hajapenda. Anasema mke wa mtu kwenda kuning'inia kwenye mwamvuli mbele ya watoto wa shule ni mambo gani. Lakini jana alinipokea lile sinia la mchele, akachambua yeye.

Sasa ya leo.

Tumefika ziwani saa tisa. Baba Sifa amefunga banda lake la baiskeli mapema ili atushikie mtoto, na Sifa alikuwa mgongoni kwake, kafungwa kwa kanga yangu. Wenzake wa kijiweni walimpigia miluzi njia nzima. Mmoja akamuuliza, "Fundi, na kunyonyesha utaanza lini?" Akamjibu bila hata kugeuka kwamba akianza atawaita. Nampenda huyu mtu, jamani.

Nikajaza bawa. Dada Zuwena amenifundisha: ule ubavu wa mbele, lile bomba nene, ndio uti wa mgongo wa bawa. Lazima liwe gumu. Unapampu mpaka geji isome nane, ukilipiga kiganja lilie kama ngoma. Nikapampu mpaka nane, nikapiga, likalia. Nikaenda nyuma ya jiwe kuvaa jaketi la kuelea na suruali yangu ya kubana chini ya gauni. Kurudi, nikalibonyeza kwa kidole gumba tu kwa mazoea.

Likabonyea.

Nikaweka geji. Tano na nusu.

Nikamwita dada Zuwena. Akasema limetoboka hilo. Tukachukua maji na sabuni ya unga, tukapaka povu kila mshono, kila kiraka, tukainama kama watu wanaotafuta sindano, tukisubiri povu lipumue. Hakuna hata mahali pamoja. Akakuna kichwa, akaniambia, kwa hiyo siku zote nne ulikuwa unapanda na bawa legevu hivi?

Baba Sifa akakohoa.

Mke huwa anavijua vikohozi vya mumewe. Kile hakikuwa cha kifua. Nikamgeukia. Alikuwa anaangalia maji, mtoto mgongoni anamvuta sikio.

"Mimi ndiye nimekuwa nikilipunguza," akasema.

Nikamuuliza kwa nini. Akaanza kwa mbali, kama kawaida yake. Akasema baiskeli ukiijaza asubuhi na mwenyewe anakwenda nayo Mtinko juani, huijazi ikakaza. Unaiachia kidogo, unaipumzisha, maana jua likipanda upepo wa ndani unavimba na tairi inapasuka njiani. Kila fundi wa huku anajua. Na lile bawa tunalijaza tunaliacha juani kwenye mchanga. Kwa hiyo kila nikienda nyuma ya jiwe kubadili nguo, yeye anafungua kidogo pale pa kujazia, anasikiliza linavyopumua, anafunga. Siku zote nne.

Dada Zuwena akamwambia hili si tairi, limetengenezwa lijazwe hivyo, na likiwa juani sana unalisogeza kivulini tu. Alisema kwa heshima, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Mimi nilikuwa nimepandwa na hasira mpaka masikio yanawaka. Siku nne. Nimeambiwa mwili wangu haujarudi. Nimelia kwenye mchele wa watu. Nikamwambia, si ungeniuliza basi, Baba Sifa.

Akanitazama sasa.

"Likupasukie kule katikati, nitakufuata na nini? Mimi kuogelea sijui."

Hasira ikakosa pa kukaa. Unamgombeza vipi mtu kama huyo? Mtoto mgongoni, mafuta ya mnyororo kwenye kucha, anaogopa maji toka amezaliwa, na bado kila siku anakuja kusimama hadi magotini kwenye maji akinisubiri.

Nikampa pampu. Nikamwambia, jaza wewe, mpaka nane, na leo usiguse.

Hapo ndipo nikafanya jambo ambalo bado nalifikiria. Alipotaka kujaza lile la mita nne, nikamwambia siyo hilo. Jaza la mita tano.

Dada Zuwena ana karatasi ya vipimo. Unaangalia uzito wako, unaangalia upepo, inakuambia uchukue bawa la ukubwa gani. Mimi kwa uzito wangu na upepo wa leo, karatasi inasema nne. Na yeye ndiye mwalimu. Akasema la tano litakuwa kubwa kwako, mikono yako mifupi, ncha itagusa maji, utaviringika.

Lakini nilikuwa na jambo kichwani tangu juzi. Juzi tulikuwa tunapepeta uwele uani, mimi na mama mkwe, na dada Zuwena akaomba ungo ajaribu. Akaunyanyua, akamwaga kidogo kidogo, makapi mengi yakaanguka palepale kwenye nafaka. Mama mkwe akacheka, akampandisha viwiko juu zaidi. Dada Zuwena akasema kwao makapi ya mpunga yanachukuliwa mbali na upepo mdogo kuliko huu. Akasema, upepo wenu una sauti kubwa, mkono hauna.

Na mimi niliwahi kukaa kwa shangazi Tanga miezi mitatu. Naikumbuka hewa ya kule, nzito, kama umefunikwa kanga mbichi. Huku kwetu ni juu, hewa nyepesi, ndiyo maana wageni wanahema wakipanda mlima. Hewa nzito ikikusukuma si sawa na hewa nyepesi ikikusukuma, hata zikikimbia mwendo mmoja. Shule ndogo niliyosoma hainipi maneno mazuri ya kueleza, lakini nimepepeta toka nina miaka sita.

Halafu kuna hili. Dada Zuwena ni mwembamba kuliko mimi. Karatasi yake inamwambia nne, na kila siku anaanza na nne, na kila siku anaishia kuchukua tano. Anasema ni uchovu wa safari. Wiki mbili za uchovu?

Nikamwambia yote hayo pale ufukweni. Nikamalizia kwamba karatasi imeandikwa pwani, dada, na samahani kama nimekosa adabu.

Akanisogezea bawa la tano kwa mguu. Ni hivyo tu. Sikujua ni ruhusa au ni "haya nenda ukaone".

Baba Sifa akalijaza mpaka nane, nikaenda.

Ncha iligusa maji mara ya kwanza, nikaviringika kama alivyosema. Nikanyanyuka. Mara ya pili nikainua mikono juu zaidi, vile vile mama mkwe anavyopandisha viwiko kwenye ungo. Upepo ukaja. Bawa halikujikunja, lilikuwa gumu kama goti. Nikavuta mlango taratibu kwa mkono wa nyuma, ubao ukaanza kukimbia, na ghafla kelele zote za maji zikakatika.

Kimya.

Sijui niwaelezeje kile kimya. Nilidhani nimekufa. Nikaangalia chini nikaona maji yako mbali na ubao, yanapita chini yangu. Nilimsikia Baba Sifa anapiga kelele ufukweni, jina langu la usichana, ambalo hajaniita tangu Sifa azaliwe. Nikahesabu pumzi, zilifika kumi na moja. Nikafurahi mno, nikasahau mkono wa nyuma, nikaanguka chali na maji ya chumvi yakaingia hadi kwenye ubongo.

Nilijaribu tena mara tatu. Upepo ukawa umekufa. Ile moja ndiyo niliyoipata.

Niliporudi nchi kavu, mume wangu alikuwa anafuta uso kwa kanga niliyomfungia mtoto. Dada Zuwena alisema hongera, akanishika bega. Halafu njia nzima ya kurudi alitembea mbele yetu na karatasi yake ya vipimo mkononi, anaikunja, anaikunjua.

Ndiyo maana sijatulia. Alisema niinuke, nimeinuka, lakini mara moja. Alisema kwa akili yangu, nimetumia akili yangu, lakini kwa kumbishia mwalimu mbele ya watu. Kwetu binti akimsahihisha mkubwa wake, hata kama ana haki, anatakiwa baadaye aende akapige magoti. Nimemwomba msamaha tulipofika, akasema "tutaongea", akaomba maji ya bomba ayasuuze mabawa, maana ziwa letu lina magadi, linaacha unga mweupe.

Sasa yuko uani anayakunja. Nasikia kitambaa kinavyokwaruza. La nne amelimaliza. La tano analikunja sasa, taratibu sana. Mtu anayefunga mzigo wa safari anakunja hivyo hivyo, na mtu anayeacha kitu anakunja hivyo hivyo, na mimi siwezi kujua kwa kusikiliza.

Mama mkwe amepita hapa na Sifa kiunoni. Ameniambia niache kutafuna kucha. Halafu akasema, huku akiangalia pembeni, kwamba amesikia nilikaa juu ya maji muda mrefu. Sikumrekebisha.

Baba Sifa amekaa mlangoni, anajifanya anatengeneza pedeli.

Najiambia hata akiyabeba yote, zile pumzi kumi na moja haziwezi kukunjwa zikaingia kwenye begi. Najiambia hivyo, lakini niwe mkweli kwenu, hainitoshi. Nataka zaidi. Nataka mtoto wa mtu asimame mbele yangu anatetemeka, nimwambie pandisha viwiko, usiogope, na nataka

Ananiita. Dada Zuwena ananiita kutoka uani, anauliza, "Mama Sifa, kwenu mahali pakavu pasipo na panya ni wapi? Haya yasikae chini mpaka nirudi." Baba Sifa pedeli imemdondoka. Nimesikia vizuri? Amesema mpaka nirudi, maana yake haya mabawa yana

nakuja dada, nak