Mdomo wa Baba

Wambui, dada yangu mdogo uliye Kamere kwenye mashamba ya maua,

Nakuandikia hapa wazi, mahali ambapo hata wasiotujua watasoma, kwa sababu nafikiri jambo lililotupata linawapata wengi. Tena uliwahi kuniambia kwamba unapenda barua ndefu kuliko ujumbe wa simu. Ujumbe wa simu, ulisema, ni wa watu wanaokata maneno ili wamalizane nawe.

Nianze na masharubu. Ulikuwa darasa la nne ulipougua homa ya uti wa mgongo, na uliporudi nyumbani Kiamunyi kutoka hospitali, masikio yako yalikuwa yamezimika kabisa. Ukaanza kutukazia macho midomoni, kama mtu anayesoma kibao kilicho mbali. Mama ulimpata haraka. Mimi ulinipata. Baba ulimkosa, kwa sababu mdomo wake wa juu ulifunikwa na masharubu aliyoyatunza tangu ujana. Asubuhi moja akatoka chumbani hana hata unywele mmoja juu ya mdomo. Mama aliangusha mwiko. Baba alipofika pale maziwa yanapopimwa, wanaume wakamshukia: "Mzee, umerudi fomu wani?"

"Nimerudi shule kweli," akawajibu. "Na mwalimu wangu ana miaka kumi."

Baada ya hapo Baba alijifunza kusema nawe kama mtu anavyojifunza kazi. Alikugusa bega kwanza, akageukia dirisha ili mwanga umpate usoni, ndipo akaanza. Neno "mama" na neno "baba" midomoni yanafanana kabisa, kwa hiyo akimtaja Mama alielekeza kidevu jikoni. Sisi wengine tulichoka upesi. Tukicheka mezani nawe ukauliza tunacheka nini, tulikujibu, "Si kitu, tutakuambia baadaye." Baba ndiye aliyeweka kijiko chini, akakurudia mzaha wote tangu mwanzo, hata kama ulikuwa umeshapoa kuliko ugali.

Ndiyo maana najua kilichokuuma siku ile sebuleni. Baba alikuwa amelazwa, amevalishwa barakoa ya oksijeni puani na mdomoni. Video haingekufaa kitu. Muuguzi akamshikia simu, naye akatutumia sauti kwenye kikundi cha familia. Tulimzunguka Mama, tukasikiliza, tukalia. Wewe ulisimama katikati ukitutazama mmoja mmoja.

"Amesema nini?"

Baba mdogo akafuta macho. "Amesema tupendane."

Ukaitazama simu, ukaona jinsi ile sauti ilivyokuwa ndefu. "Amesema muda wote huo, na ni neno moja tu?"

Kabla ya wiki hiyo kuisha Baba alikuwa ametutoka.

Baada ya mazishi niliandika maneno yake yote, sikuacha hata moja, nikakutumia. Jibu lako ninalo mpaka leo: "Asante. Nimesoma. Lakini hayo ni maandishi yako. Mimi nilitaka kumwona akisema." Tangu hapo hujakanyaga nyumbani. Kila Jumapili tukitoka kanisani Mama huniuliza, "Wambui hajasema anakuja?" nami humwambia kwamba maua yana kazi nyingi msimu huu.

Sasa nikueleze nilichofanya.

Kazi yangu pale Nakuru mjini unaijua: video za harusi, za mazishi, na matangazo ya wenye maduka. Siku hizi nimemuunganisha msaidizi wangu wa akili mnemba, yule ninayemwandikia kwenye kompyuta, na huduma moja ya mtandaoni inayolinganisha midomo na sauti. Zamani nilihamisha faili mwenyewe, nikangoja, nikarekebisha, nikarudia. Sasa naandika sentensi moja tu, "Chukua video hii, weka sauti hii, midomo ifuate," na msaidizi anaipeleka, anaingoja, ananirudishia ikiwa tayari. Juzi mwenye duka la dawa za mifugo alijiona akitangaza dawa ya kupe kwa Kikalenjin, lugha asiyoijua hata salamu. Akajishika kidevu. "Boss, hii mdomo yangu imejua Kikalenjin lini?"

Tulicheka sana. Alipoondoka nikabaki nimekaa, kwa sababu nilikuwa nimekufikiria wewe.

Nilikuwa na sauti ya Baba kutoka hospitali. Nilikuwa na video yake kwenye harusi ya binamu yetu, amesimama uani, uso wote mwangani. Maneno yangekuwa yake, na sauti yake, na uso wake. Kilichokosekana ni mdomo. Nilikaa na wazo hilo siku kadhaa nikijiuliza kama ni haki. Kumwekea marehemu maneno ambayo hakuyasema ni uongo, hilo sina shaka nalo. Lakini haya aliyasema. Mwishowe nikaandika ile sentensi.

Video ikarudi. Nilipoitazama ikiwa na sauti, Wambui, nililia. Alikuwa Baba. Kisha nikazima sauti, kwa sababu hivyo ndivyo wewe ungeiona, nikamwita Mama bila kumweleza lolote. Akavaa miwani, akatazama mpaka mwisho.

"Kwani baba yenu anatafuna nini hapo?"

Nikatazama tena, nikaona ni kweli. Midomo ilifunguka na kufungika kwa wakati wake, lakini haikuwa ikisema. Baba alikuwa akivuta upande wa kushoto wa mdomo kabla ya kutamka jambo zito, hapo hakuvuta. Alipomtaja Mama, kidevu hakikwenda popote. Meno yalikuwa yamejaa, meupe, ya mtu mwingine. Sikio langu ndilo lililonidanganya, likijaza pale ambapo jicho halikuona kitu. Nikamuuliza msaidizi kama mtu asiyesikia angeweza kuisoma video hiyo. Akanijibu bila kuzunguka. Huduma ile hukisia midomo kutokana na nyuso za watu wengi, haijui jinsi Baba alivyokuwa akisema, na yeye hawezi kuniahidi kwamba msomaji wa midomo ataelewa. Akaongeza kwamba ni vyema uambiwe kwanza jinsi ilivyotengenezwa, uamue mwenyewe.

Kwa hiyo nakuambia. Video ipo. Sijaifuta na sijaituma. Ukiitaka ni yako, hata iwe ni kwa kuutazama uso wake tu. Lakini sitaki uipokee ukidhani ndiye. Mdomo wa Baba uliujua wewe kuliko sisi sote. Sisi tulikuwa tukimsikia tu. Nikikupa mdomo wa kubuniwa nikasema "huyu hapa," nitakuwa nimekupunja kama Baba mdogo alivyokupunja, ila kwa mtambo wa kisasa zaidi.

Nimeamua jambo lingine, la polepole. Nimeyashika maneno yote ya Baba kichwani. Jioni Mama hufungulia redio kwa nguvu mpaka asinisikie, abaki na macho tu, nami nakaa mbele yake nikiyasema. Ni mwalimu mkali. "Punguza haraka, baba yenu hakuwa akikimbizwa na mtu." Au: "Hapo ulipaswa kuvuta pumzi. Yeye alivuta." Simuigizi Baba, na sitajaribu. Nataka yakufikie yote, pamoja na vituo vyake.

Sitayaandika hapa, kwa sababu barua hii inasomwa na wengi na maneno ni yako. Umeshayasoma, unajua kwamba yanaanza na jina lako, si la Mama wala langu, na kwamba anakuomba radhi kwa kuwa mdomo wake umefunikwa. Jambo ambalo maandishi yangu hayakuweza kukuonyesha ni kwamba baada ya kulitaja jina lako alinyamaza kitambo, kana kwamba anangoja ugeuke umtazame. Ndipo akaendelea.

Jumamosi nitashuka Kamere. Mama atakuja pia, ameshasema, nami sikuwa na nguvu za kumkatalia. Tutafute mahali pa kukaa nje, asubuhi, jua likiwa upande wako wa nyuma. Najua tabia yako ya kutikisa kichwa kwa heshima hata neno likikupita, ili usituchoshe. Usinifanyie hivyo. Likikupita, inua mkono unisimamishe, nami nitalisema tena, na tena, mpaka ulione.

Ni mimi,
kaka yako