Kabati la Chumba cha Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu, na kwa hao wanaoniita shangazi kwenye simu kisha wanakimbia. Natumaini hamjambo na kikohozi cha wifi kimepungua. Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima, anakula vizuri, na kila siku anauliza kitinda mimba wake atarudi lini. Mimi ndiye sijatulia. Naandika kwenye meza ya jikoni nikiwa nimesimama, maana kila nikikaa nainuka tena. Kabla sijafika mbali nakuomba kitu kimoja: Jumatatu usitie sahihi kwenye karatasi za ile nyumba. Nisome kwanza mpaka mwisho.

Simu ningekupigia, lakini najijua. Ningesema nusu, na nusu nyingine ningesingizia mtandao. Ndiyo maana barua hii nampa jirani anayesafiri kesho asubuhi.

Uliniagiza nikutafutie mkaguzi wa kuaminika, aipekue nyumba unayotaka kumnunulia Mama. Mambo ya nyumba siyajui, sasa mkaguzi mzuri ningemjuaje? Nikajitungia mtihani. Kila mkaguzi nilimleta kwanza hapa kwangu, nikijifanya nataka kuuza. Chumbani kwa Mama, nyuma ya kabati la nguo, kuna ufa ninaoujua, kwa sababu kabati nililisogeza pale mwenyewe ili niufunike. Atakayeomba kabati lisogezwe, nikajisemea, huyo ndiye. Nilijiona mjanja kweli.

Wa kwanza alikuja na tai shingoni na viatu vya kung'aa. Alizunguka nyumba nzima kwa muda wa kuchemsha chai, akasifu mapazia, akagonga mlango mmoja kwa kidole, akasema nyumba ni imara. Lile kabati alilitumia tu kujitazama kwenye kioo chake. Wa pili aliona ubovu kila mahali, hata kwenye kengele ya mlango, na kwa kila ubovu alikuwa na shemeji wa kuutengeneza. Huyo nilimsindikiza mpaka nje, nikafunga geti.

Wa tatu alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa ovaroli iliyopauka. Hakusifu kitu. Alifungua mabomba yote, akasubiri. Kwenye kila kona alining'iniza timazi ya kupimia wima wa ukuta, akaukazia uzi jicho moja mpaka ukatulia. Alipofika chumbani kwa Mama aliniomba tulishike kabati, yeye huku na mimi kule. Nilifurahi sana. Nikasema nimempata!

Ila ufa tulioukuta haukuwa ule nilioufunika. Ule ulikuwa na urefu wa mkono. Huu ulikuwa umepanda hadi karibu na dari, na kidole changu kiliingia. Pembeni yake kulikuwa na vistari vya penseli na tarakimu, nikadhani ni alama za fundi wa zamani. Mkaguzi alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kusimama katikati ya sebule, akatazama juu, akauliza ukuta uliokuwa pale ulibomolewa lini. Nikamjibu sijui. Akasema kwa upole kwamba ukuta huo ndio uliobeba paa, kwamba mzigo wote sasa umehamia chumba kile, na anayelala mle asilale tena. Mdogo wangu, nilimfukuza. Nilimwambia anatafuta kazi kwa kutisha watu, akaondoka hata maji hajanywa.

Sasa nisikilize, na usinune kabla sijamaliza. Ripoti ya nyumba unayonunua, ile niliyokutumia Jumatano, yenye picha nzuri na muhuri, ni ya yule wa tai. Nilimchagua huku nikijua. Ukuta wa sebuleni niliubomoa mimi, miaka minne iliyopita. Nilikwambia umeoza kwa unyevu na mtaalamu ndiye aliyeshauri. Uongo mtupu! Ni yale makochi mapya, hayakuenea. Fundi alinisihi tuweke boriti kwanza, nikamwambia anajiongezea kazi. Kwa hiyo siku ile niliwaza jambo moja tu: utie sahihi haraka, Mama ahamie kwenye ile nyumba, chumba kibaki kitupu, na mtu asijue. Siku tatu nilimwacha Mama alale mle. Naona aibu hata kuiandika sentensi hiyo.

Alhamisi nilishindwa kuvumilia. Nilimfuata yule mkaguzi, nikamwomba radhi. Hakunigombeza, aliuliza tu kama chumba kimehamwa. Jana alipanda darini kwenye ile nyumba unayotaka kununua, akashuka na kipande cha mbao ya paa, akakibonyeza kwa vidole, kikawa unga. Mchwa wameimaliza, na chini yake dari imepakwa rangi mpya. Wa tai hakupanda hata ngazi.

Lakini linaloninyima raha si mchwa. Alhamisi hiyo hiyo nilirudi kumhamisha Mama, uongo wangu ukiwa tayari: nataka kupaka rangi. Alinisikiliza huku akikunja shuka lake. Kisha akafungua kabati, akasogeza nguo kando. Nilikuwa nimesahau kwamba kabati lile halina ubao wa nyuma. Vile vistari ni vya Mama. Miaka miwili, kila tarehe mosi, ameuwekea ufa alama mahali ulipofikia. Juu kabisa alichora mstari mmoja mnene: ukifika hapo, ndipo angesema. Ufa ulibakiza vidole viwili kuufikia. Nikamuuliza kwa nini alininyamazia. Akasema aliona nilivyoyapenda yale makochi, na wewe ungesikia ungegombana na mimi, na yeye watoto wake ni wawili tu.

Sasa Mama analala kitandani kwangu, mimi nalala kwenye kochi, nalo halinitoshi. Fundi anaanza kesho kutwa. Mkaguzi amenakili tarehe zote za Mama kwenye ripoti yake. Nyumba nyingine ukiipata, watakwenda kuikagua wao wawili, mmoja na timazi yake, mwingine na penseli yake. Mimi nitabeba ngazi.

Ukitaka kunigombeza nigombeze, una haki, ila mpigie Mama kwanza. Nisalimie wifi na watoto, nao wasikimbie safari hii.

Ni mimi dada yako,
mwenye makochi