Kamba ya Ghorofa ya Tatu

Sio Port, 3 Februari 2025

Kaka Bwire,

Hujambo huko mjini, Umoja? Sisi hatujambo, Mama mzima ila goti. Naandika kwa kuwa simu zangu hupokei. Barua nampa Clare, anayeleta samaki wa omena kuuza huko kwenu.

Kamba ya nanga ya mashua ya Baba imeoza. Ukiiminya inatoa unga. Mume wangu Laban anaelea na nyavu kila siku, na maji yanampeleka mpaka kwenye yale mawe ya ziwani. Nanga isiposhika pale, amekwisha. Nilitaka kuibadilisha mwenyewe, Mama akakataa. Baba aliagiza kabla ya kufa kwamba kamba ya nanga ifungwe na mwanawe wa kwanza. Njoo basi, ni kazi ya nusu saa.

Mama anakusalimu sana.

Dada yako, Triza


Umoja, 19 Februari

Dada Triza,

Sasa huko? Mimi niko poa, kazi tu imenibana. Nimecheka jamani! Mtu mzima analilia kamba!

Nimempa Clare kamba ya maana, siyo hizo takataka zenu za sokoni. Hii ndiyo sisi mafundi tunapandishia matangi ya maji kwenye maploti ya hapa, haya majumba ya kupanga. Nimeipima mwenyewe: nimeishusha kutoka roshani yangu, ghorofa ya tatu, ikafika chini na kubaki. Kwa hilo ziwa lenu inatosha na zaidi. Lakini msiifunge. Nitakuja Pasaka niifunge mimi, Laban asije akatia fundo la kufungia mbuzi.

Msalimu Mama.

Kaka yako mkubwa, Bwire


Sio Port, 2 Machi

Kaka,

Sisi wazima, Mungu ashukuriwe. Nawe je, kichwa kizima?

Kamba imefika. Wavuvi wamekuja kuitazama mmoja mmoja, wamecheka mpaka wakakaa chini. Pale kwenye mawe maji ni mita kumi. Kamba inatakiwa iwe mara tatu ya hapo, ilale chini ndipo nanga iume. Hii yako itasimama wima na nanga itaruka-ruka tu. Wewe si ulizaliwa hapa? Au siku hizi ziwa unalipima kwa ghorofa? Na hilo fundo la mbuzi la Laban ndilo linalomlisha mama yako.

Ndefu tutanunua wenyewe. Wewe leta mikono. Mama amesema tukungoje, kwa hiyo Laban anaendelea na ile mbovu. Kila akitoka roho yangu inanitoka. Tafadhali, Pasaka usikose.

Mama anakusalimu. Anahesabu siku.

Dada yako, Triza


Umoja, 22 Aprili

Dada,

Habari za sikukuu? Mimi mzima. Sikuweza kuja, kulikuwa na tangi la kupandisha mtaa wa Mowlem.

Na kusema kweli mmenichosha. Nina shughuli za watu wazima, siwezi kumaliza siku mbili barabarani kwa sababu ya fundo. Hiyo kamba imekaa miaka yote, ikatike leo kwa kuwa Bwire hakuja? Laban ajikaze, aache uoga. Nitakuja Desemba. Mwambie Mama mtu asiguse nanga ya Baba.

Kaka yako mkubwa, Bwire


Sio Port, 9 Mei

Bwire,

Kamba ilikatika Jumanne iliyopita. Laban yuko hai. Mguu umevunjika mara mbili kwenye mawe, na daktari amesema hatasimama tena kwenye mashua. Mwoga wako huyo aling'ang'ania nyavu mpaka wenzake walipomtoa.

Mashua ilipasuka ubavu, tumeiziba. Jana asubuhi Mama alishuka ziwani na goti lake hilo, akachukua ile kamba ndefu tuliyonunua, akaifunga kwenye nanga ya Baba kwa mikono yake. Tulisimama tu tukimtazama. Kuanzia kesho mashua naitoa mimi.

Nilikuwa nakuheshimu kwa sababu Baba alitufundisha. Sasa nakudharau, na sioni haya kukuandikia. Desemba usijisumbue. Kamba yako nairudisha kwa mkono wa Clare, uanikie nguo zako.

Mama amekaa hapa kando yangu ninapoandika. Nimemuuliza kama ana salamu zako. Amesema hana.

Triza